Vijiti vya Mke wa Muthoka

Kambini, uwanda wa juu, Nyandarua
10 Januari 2025

Mwaitu,

Nimefika, nimekula, na nimevaa kila nguo niliyobeba. Huku juu simu ni ya kuangalia saa tu, mtandao uliniaga kule chini msituni. Ndiyo maana nimeshika kalamu. Dayib, askari wa wanyamapori anayetulinda na nyati, hushuka mjini kila baada ya siku mbili tatu, na ameahidi kuzitia barua zangu kwenye parseli za Machakos.

Ulipokuwa ukinifungia maandazi uliniuliza ni mimea gani hii ambayo nimemwacha mwanao, mume wangu wa miezi miwili, ili nije kuisoma, na mimi nikababaika. Jibu ni kwamba si mimea. Ni kuvumwani, yaani kuvu na mwani wanaoishi mwili mmoja. Kuvu hujenga nyumba na kushika maji, mwani hupika chakula kwa jua. Yale madoa ya kijivu kwenye mawe ya mitaro yako ni wao. Kwako ni wachache na wanyenyekevu. Huku, msitu unapoishia na kubaki nyasi za mashungi na vichaka vyenye majani ya sindano, wamejaa kila mahali. Jiwe moja lina weusi, kijani na rangi ya chungwa, na matawini wananing'inia kama ndevu za kijivu.

Vile vijiti nilivyovifunga kwenye waya nyuma ya ghala lako vilitoka hapa safari yangu iliyopita, pamoja na ndevu zake. Nataka kujua kama ndevu hizi zitaishi siku ukungu wa mlima utakapopungua na joto kupanda. Huko kwako Mitaboni kuna jua na hakuna ukungu, kwa hiyo ndipo pa kupimia. Kazi yako, Mwaitu, ni kutofanya kazi. Usivimwagilie maji, usivisogeze, usiviwekee kivuli. Vitakauka mpaka utadhani vimekufa. Viache tu.

Mwezi wa tatu profesa wangu atakuja kuviona. Vikiwa salama, nitamaliza kuandika kabla ufadhili wangu haujaisha mwezi wa sita. Vikiharibika, sina kingine cha kumwonyesha, na masomo yangu yataishia hapo. Nakuamini kabisa.

Kasiva

*

Mitaboni
19 Januari 2025

Kasiva,

Wakya, hujambo? Barua yako imefika ikinuka moshi, nikajua angalau mnaota moto.

Umenipa kazi ngumu kuliko unavyofikiri. Tangu nizaliwe sijawahi kutazama kitu kikikauka nikakunja mikono. Hapa kwetu mtu akiona mche umenyong'onyea anaumwagia hata maji aliyooshea vyombo. Jana nilivitazama vijiti vyako vilivyojikunja, nikaona nitafute jembe niende mbali nao, maana mikono ilianza kunitamani ndoo.

Peris alipita hapa, yule mwenyekiti wa mwethya wetu. Wewe umekulia Syokimau, labda mwethya umeusikia tu kwenye redio, basi nikueleze. Ni sisi wanawake wa mtaa huu. Leo tunachimba kwangu, wiki ijayo kwa mwingine, na hakuna anayelima peke yake. Peris akaona waya wako akaniuliza, "Hii ni dawa ya nini?" Nikamwambia ni shamba la mke wa Muthoka. Akacheka mpaka akashika ukuta. "Shamba gani haina maji wala mbolea? Huyo msichana alisomea wapi?" Nikamjibu alisomea kule wewe hukufika. Akageukia habari za mbuzi wangu. Peris kuacha mjadala ni jambo la kuandikwa kwenye barua.

Kesho naenda Matuu kwa dada yangu, ametolewa mtoto wa jicho na hawezi kupika. Zamu yangu ya mwethya itafika nikiwa huko, lakini watakuja hivyo hivyo kunichimbia mitaro. Nimewaachia mahindi ya muthokoi na ufunguo wa jikoni. Mbuzi nimewafunga mbali na vijiti vyako, usiwe na wasiwasi.

Mbithe, mama Muthoka

*

Kambini, Nyandarua
31 Januari 2025

Mwaitu,

Mikono ikitamani ndoo, ipe ufuta wa kuchambua.

Natumai dada yako sasa anaona vizuri na amegundua ulivyokuwa ukimtilia chumvi nyingi. Mimi niko sawa. Asubuhi nyasi zinakuwa nyeupe kwa barafu na natembea kama kuku aliyefungwa kamba. Kazi yenyewe ni hii: naweka fremu ya kamba kwenye shina, nahesabu ni aina ngapi za kuvumwani zimo ndani, upande wa upepo na upande wa kivuli, kisha nahamia shina lingine. Dayib ameniambia, "Sister, kwetu watu wanahesabu ngamia. Wewe umesoma miaka hiyo yote uhesabu ndevu?"

Lakini juzi ukungu ulishuka ghafla nikiwa katikati ya kichaka. Ndevu zilizokuwa kavu kabisa zikaanza kunywa, na kichaka kizima kikabadilika rangi nikiangalia, kutoka kijivu hadi kijani. Nilipiga kelele peke yangu kwa furaha. Nilitamani ungekuwepo uone.

Kuna jambo Muthoka ameniandikia akidhani ni la kuchekesha. Anasema wanawake wa hapo kwenu wananiita "mgeni wa Muthoka". Nilicheka, kisha nikaacha kucheka. Labda nikirudi nitajitahidi kuwazoea.

Tafadhali niandikie vijiti vina rangi gani sasa, chochote unachokiona. Nitaweka maneno yako kwenye kazi yangu.

Kasiva

*

Mitaboni
12 Februari 2025

Kasiva wetu,

Furaha tele! Kila kitu ni kizuri! Dada yangu anaona mpaka sindano iliyoanguka. Mitaro imechimbwa ikanyooka, mvua ikija hakuna tone litakaloponyoka. Mchungaji ametutembelea, mbuzi mmoja amezaa mapacha, na parachichi za mwaka huu ni kubwa ajabu. Muthoka ameshona mashati mengi huko kiwandani EPZ mpaka anaota vifungo. Hali ya hewa ni joto. Upepo upo wa kiasi.

Ah, vijiti. Vijiti navyo ni vizuri sana. Vinapendeza. Vina rangi ya manjano kama kiini cha yai la kienyeji, na vimefungwa barabara kwa uzi mwekundu. Usijisumbue kabisa kuviwaza. Profesa kama ana shughuli nyingi si lazima afunge safari yote hiyo, barabara yetu ina vumbi.

Kula vizuri, na uvae soksi mbili.

Mbithe, mama Muthoka

*

Kambini, Nyandarua
21 Februari 2025

Muthoka,

Soma hii peke yako.

Sikupeleka kwenu kitu chochote cha manjano. Ndevu zangu zote ni za kijivu. Wala sikufunga kwa uzi mwekundu, nilitumia waya mwembamba. Mtu ameviondoa vijiti vyangu na kuweka vingine, na mama yako anajua, kwa sababu barua nzima ameandika kama mtu anayetangaza bidhaa redioni.

Nimejaribu kutafuta sababu nzuri nikakosa. Naona hanitaki. Hakupenda nije huku, na labda amevitupa ili nikose cha kufanya mlimani nirudi nikae nyumbani. Nisingejali sana kama angeniambia usoni. Profesa anakuja tarehe 15 Machi, na sitamwonyesha vijiti ambavyo si vyangu.

Nenda ukaangalie. Usiulize kitu, angalia tu.

Wako,
Kasiva

*

Athi River
26 Februari 2025

Mpenzi,

Nilienda Jumapili. Mpango wako wa kupeleleza una shimo moja, nalo ni mama yangu.

Nilipokaribia ghala akaniita nile. Nikala. Nikainuka tena, akaniita nitazame mapacha wa mbuzi. Mara ya tatu alisimama mbele ya ghala na mwiko mkononi, akaniambia, "Wewe ulikuja kunisalimia mimi ama ulikuja kusalimia ukuta?" Nikarudi kuketi. Mimi ni fundi wa mashati, sina mafunzo ya kijeshi.

Lakini sikiliza. Anayemchukia mtu haoni aibu hivyo. Mama hakumaliza chakula chake, na jina lako likitajwa anaanza kufagia mahali palipofagiliwa. Usiniandikie mimi, mwandikie yeye. Muulize wazi kama ulivyoniuliza mimi siku ile kama nina mke mwingine.

Muthoka

*

Kambini, Nyandarua
28 Februari 2025

Mwaitu,

Samahani kwa kukuuliza kwenye karatasi jambo ambalo ningepaswa kukuuliza nikiwa nimeketi karibu nawe.

Ndevu zangu ni za kijivu. Ulizoniandikia ni za manjano. Najua vijiti vilivyo kwenye waya sasa si nilivyokuachia.

Kama viliharibika, niambie jinsi vilivyoharibika. Kama uliviondoa kwa sababu huoni vizuri mke wa mwanao akikaa mlimani kuhesabu vitu vya ajabu, niambie hilo pia. Litaniuma, lakini nitajua pa kusimama. Nilikuachia wewe vijiti hivyo badala ya shule iliyo karibu kwa sababu nilitaka tuwe na jambo letu wawili. Pengine nilikosea.

Kwa heshima,
Kasiva

*

Mitaboni
6 Machi 2025

Kasiva mwanangu,

Nisikutake nikupeleke wapi? Nimesoma barua yako nikaketi chini kwenye vumbi na sketi ya kanisani.

Sasa sikiliza, na usicheke mpaka nimalize. Nilipokuwa Matuu, mwethya walikuja kwa zamu yangu kama nilivyokuambia. Wakachimba. Mchana wakaenda kupumzika nyuma ya ghala, Peris akaona vijiti vyako vimekauka kabisa. Akawaambia wenzake, "Mbithe ameenda kuuguza, na mazao ya mke wa kijana yake inakufa hapa tukiangalia? Huyo msichana atasema watu wa Mitaboni hawana roho." Basi wakashuka mtoni, wakafukua mchanga, wakateka maji, wakapanda nayo mgongoni kilima chote kile. Wakavimwagilia jua likiwa kichwani. Na hawakufanya siku moja. Siku zote walizochimba kwangu, kila mchana, walivimwagilia. Mmoja aliongeza samadi.

Niliporudi nilikuta vijiti vimelegea na kuteleza kama mlenda, ndevu zimekuwa nyeupe na kunuka. Wao wamejipanga hapo wanangoja niwashukuru! Nilifoka, Kasiva. Nilitumia maneno ambayo mchungaji hayajui. Peris akalia, na mimi sijawahi kumwona Peris akilia hata kwenye mazishi ya mumewe. Kesho yake alfajiri wakaenda msitu wa Iveti wakakata vijiti vyenye ndevu walizoziona nzuri zaidi, wakavifunga kwa uzi wa kusukia viondo vyao. Waliona wamekanyaga kuku wa mtu na lazima warudishe kuku, tena mnono.

Mimi nilijua kuku huyo si yule. Lakini nikawaza: huyu msichana ameshasikia wanamwita mgeni, sasa ajue pia wamemharibia masomo? Atatuona sote wajinga, na hatakanyaga tena hapa. Ndiyo nikaandika habari za parachichi. Nimekudanganya kwa woga, na naona haya mpaka kwenye vidole.

Mwambie profesa kosa ni langu. Akitaka kuja kunifokea, aje.

Mwaitu wako,
Mbithe

*

Kambini, Nyandarua
16 Machi 2025

Mwaitu,

Nilijaribu kutocheka mpaka mwisho nikashindwa kwenye samadi. Dayib alidhani nimeshambuliwa na kitu akaja mbio na bunduki. Kisha nikalia kidogo, lakini si kwa sababu ya vijiti. Wanawake wamepanda kilima kile na maji mgongoni, mara zote hizo, kwa ajili ya mtu ambaye hata hawamjui vizuri. Na mimi huku nakusingizia kwamba hunitaki. Nisamehe.

Kilichoua ndevu si ukame. Kuvumwani ikiwa kavu inalala, na jua haliiwezi sana. Ikiwa imelowa inaamka, inaanza kufanya kazi, na jua la mchana likiipata katika hali hiyo inaiva. Mwambie Peris hakuwa na namna ya kujua. Hata mimi nilikuambia usimwagilie, sikukuambia kwa nini.

Nilishuka mjini nikampigia profesa kabla hajafunga safari, akaja huku badala ya kuja kwako. Hakufoka. Alisema vijiti havifai tena kwa utafiti, vya kwetu wala vya Iveti, na hilo nililitarajia. Anasema njia iliyobaki ni kuhesabu kwenye mteremko wenyewe, kutoka bondeni kwenye ukungu mwingi hadi mgongo wa mlima usio na ukungu, mashina mengi sana, tulinganishe. Kazi ikiwa kamili ataikubali. Lakini lazima iishe kabla ya mvua za masika, maana mvua zikianza njia ya kupanda mgongoni inafungwa. Nimejipima. Peke yangu nitafika nusu.

Nitafanya hiyo nusu. Usihuzunike, kukosa masomo si mwisho wa dunia. Nitatafuta kazi ya kufundisha, na nitajifunza kuchimba mitaro.

Kasiva

*

Mitaboni
19 Machi 2025

Kasiva,

Niliisoma barua yako mbele ya mwethya wote, hata mahali ulipolia. Nisamehe, lakini ilibidi.

Peris alinyanyuka akasema kanuni yetu ni moja tangu mama zetu: kundi likiharibu kazi ya mtu, kundi linairudia. Mwingine akasema lakini huyo si memba. Peris akamgeukia, "Tumelima kwake ama hatujalima? Tena tumelima vibaya! Utalimia mtu asiye memba?" Hoja ikapita.

Tunakuja tisa. Gari ni la kanisa, mchungaji amekubali kwa sharti kwamba tusilirudishe na matope. Mwambie Dayib atuombee ruhusa kwa wakubwa wake na atuonyeshe nyati wanakaa upande gani, ili sisi tukae upande mwingine. Tutafika tarehe 25, tutakaa mpaka mashina yaishe. Tunabeba chakula, mablanketi na sufuria. Jembe tunajua halihitajiki, ingawa mmoja anasisitiza kubeba lake.

Ndoo haiji. Nimekagua mizigo mwenyewe.

Mwaitu

*

Kambini, Nyandarua
30 Machi 2025

Muthoka,

Wameondoka asubuhi hii, na kambi imekuwa kimya mpaka masikio yanauma.

Tumemaliza. Shina la mwisho lilihesabiwa jana, na mvua ikaanza tukiwa tunakunja kamba. Profesa, aliyepanda kutukagua, ameona karatasi zote na amesema nianze kuandika.

Ungewaona! Siku ya kwanza waliingiza kila kitu kwenye hesabu, hata ukoga wa kawaida, hata utando wa buibui, nikalazimika kufuta karatasi zile zote. Siku ya pili wakaanza kuzipa aina majina ya watu wa Mitaboni. Kuna moja kavu iliyojikunja pembeni wanaiita Mchungaji, na sasa nami siwezi kuiita kitu kingine. Walivaa mablanketi juu ya makoti na kuimba kwenye ukungu mpaka Dayib akasema nyati wamehama wilaya. Mmoja aliugua kichwa kwa sababu ya kimo cha mlima, tukamteremsha kambini, akakasirika kwamba amekosa zamu.

Mama yako alikaa nami kwenye kichaka kimoja ukungu ulipoingia. Ndevu zikaanza kugeuka kijani. Aligusa tawi moja kwa ncha ya kidole. Kisha akaniambia, "Kumbe ndiyo hii ulikuwa unapigia kelele." Nikasema ndiyo. Akasema, "Hata mimi ningekuja."

Nakukosa. Njoo unichukue mwezi ujao.

Kasiva

*

Mitaboni
6 Aprili 2025

Kasiva mwanangu,

Tulifika salama. Gari lilikuwa na matope mpaka kwenye paa, na mchungaji hajatusemesha bado. Ametusikia pia tukitaja jina lake kwa jambo fulani la mlimani, sasa anauliza kila mtu ni jambo gani.

Miguu yangu inauma, lakini naitembeza makusudi ili watu waniulize imefanya nini. Nikiulizwa, nawaeleza kuhusu kuvu na mwani mpaka watafute njia ya kuondoka. Mvua imefika hapa pia, mitaro inashika maji, na mahindi yameanza kuchungulia.

Muthoka anasema utarudi baada ya Pasaka na kwamba umepanga kulala wiki nzima. Pole. Jumatano ya baada ya Pasaka ni zamu ya Peris, tunapalilia mahindi. Nilimwambia Peris umechoka, una kitabu cha kuandika, na mikono yako haijazoea. Akaniambia, "Sisi tulienda kwake na baridi ile yote. Yeye aje." Halafu akauliza ulivyo mrefu, kwa sababu anakutafutia mpini wa jembe.

Tunaanza saa moja asubuhi. Anayechelewa anaosha sufuria.

Mwaitu